Ulaya Iliyonuka Mbuzi

Mwezi mzima Ngwali alikuwa akienda Ulaya kila siku baada ya sala ya Alasiri, na kabla ya Magharibi amesharudi nyumbani kwake Sugar Land, Texas, ananuka mbuzi. Usiniulize maswali kwanza. Mambo haya yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe haukuwa na mbuzi hata mmoja.

Mwanzo ulikuwa zawadi. Nusra, binti yake wa mwisho, alipopata kazi ya kudumu kwenye duka la dawa la hospitali, jambo la kwanza alilofanya ni kuwakatia wazazi wake safari. Si Makka, kwani huko walishakwenda na kundi la msikiti, watu wa kujaza basi. Si Unguja, kwani huko wakienda huwa kuna harusi au kuna maiti. Aliwakatia Vienna, Praha na Budapest, wiki ya Krismasi, wakati miji ile inapowashwa taa na viwanja vyake kujaa vibanda vya kuuza vitu vya moto. Mashavu, mama yake, ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, na kila mwaka siku hizo hufanya kazi yeye ili wenzake Wakristo wakae na watoto wao. Safari hii aliomba likizo, na msimamizi wake akaona haya kumkatalia.

"Baba, it's non-refundable. Pesa hairudi," Nusra alisema alipowaonesha tiketi. Anamjua baba yake.

Ngwali alishukuru, akambusu binti yake kwenye paji la uso, akamwombea dua ndefu. Kisha akachukua funguo za gari akaenda barazani.

Ngwali hafanyi jambo bila baraza, na baraza lake lilikuwa mbele ya bucha la Abdulbasit huko Stafford, mji wa jirani kando ya Houston. Abdulbasit alilipigilia misumari lile benchi la mbao siku aliyofungua biashara, kabla hajanunua hata msumeno wa kukatia mifupa. Hapo Ngwali, ambaye kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa kliniki kwa gari, hufika kila akimaliza zamu. Hapo ndipo lilipoamuliwa anunue nyumba gani. Hapo ndipo lilipochaguliwa jina la Nusra, na hapo ndipo yalipopigiwa kura meno yake, lipi ling'olewe na lipi lisamehewe. Wa tatu wao alikuwa Shuaib, aliyekuwa karani wa uhamiaji bandarini Unguja kabla ya kuja Marekani, na ambaye mpaka leo akikutazama unajishika mfukoni kutafuta pasi.

"Vienna," alisema Shuaib, akalizungusha neno mdomoni pamoja na kashata. "Desemba. Ngwali, wewe una deni na nani hata akutakie hivyo?"

"Mwanangu huyo, yakhe. Zawadi."

"Baridi ya kule inaua," alisema Abdulbasit. "Huwezi kumtoa mtu kwenye joto la Texas ukamtia kwenye theluji moja kwa moja. Atapasuka."

"Atapasuka," Shuaib akakubali. "Lazima afanye mazoezi."

Sasa nikwambie jambo ambalo Ngwali hakulisema barazani, wala msikitini, wala popote. Baridi haikumtisha. Kilichomtisha ni ile meza ya watu wawili, chumba cha watu wawili, kiti cha ndege cha dirishani na kile cha pembeni yake. Mchana na usiku, yeye na Mashavu tu, bila baraza, bila Nusra, bila msiba wala harusi ya mtu. Watazungumza nini? Walikuwa wamelea watoto, wamezika wazazi, wamehama bara zima, na katika yote hayo palikuwa daima na mtu wa tatu chumbani wa kuelekezewa maneno. Ngwali alijiona yuko Vienna mbele ya mkewe, mdomo wazi, hana neno, na Mashavu anamtazama na kugundua kwamba ameolewa na gunia. Afadhali baridi imwue.

Na alimpenda. Hilo nalo hakuwahi kulisema barazani, na mahali pengine pa kusemea alikuwa hapajui.

Kwa hiyo aliposikia neno mazoezi alilidaka kwa mikono miwili. Abdulbasit akageuza kichwa, akautazama mlango mkubwa wa chuma ulioko nyuma ya kaunta, wa kile chumba cha baridi anamoning'iniza nyama. Wengine nao wakageuka. Nje Desemba ilikuwa inaingia na watu bado wamewasha viyoyozi.

Siku ya kwanza waliingia na mashati ya mikono mifupi, wakatoka kabla mlango haujafungika vizuri, Shuaib machozi yanamchuruzika. Siku ya pili walivaa makoti. Siku ya tatu waliingia na dele la kahawa, wakagundua jambo ambalo hakuna kati yao aliyelitarajia: kahawa chungu inanoga zaidi mtu akiwa anatetemeka. Siku zilizofuata soga zikakolea. Hakuna mteja wa kuwakatiza, hakuna jua la kuwafukuza upande huu wa benchi hadi ule. Wiki haijapinda, Abdulbasit aliling'oa benchi mbele ya bucha, akalipigilia ndani, katikati ya mbuzi.

"Baba Nusra, umenunua viatu vya theluji?" Mashavu alimwuliza. Yeye alishanunua koti refu la rangi ya zabibu, na jioni, akidhani hakuna anayemwona, alikuwa akilivaa mbele ya kioo na kugeuka upande mmoja kisha mwingine.

"Bado niko kwenye mazoezi, Mama Nusra. Mambo haya hayataki pupa."

Huenda yangeishia hapo, ujinga wa wazee watatu na mbuzi wao, kama asingetokea Nyaga. Nyaga ni Mkenya wa Arlington, kando ya Dallas, rafiki yake Ngwali tangu walipokuwa wakiendesha malori. Kila Desemba huteremka mpaka Stafford kuchukua mbuzi wa Krismasi kwa ajili ya Wakenya wenzake, ambao wameapa kwamba mbuzi wa Dallas hana ladha. Ndiye pia aliyewaahidi Ngwali na mkewe malazi, kwa sababu ndege yao ilikuwa inaondokea Dallas. Alifungua mlango wa chuma akitafuta mbuzi, akakuta wazee wamejifunika mablanketi, wanapuliza vikombe.

"Nyinyi mnafanya nini huku? Si mtaganda!"

Wakamweleza. Uso wa Nyaga ukang'aa.

"Wazee, mngeniambia mapema. Mimi Europe naijua. Nili-connect Frankfurt."

Alikuwa ameshinda siku moja ndani ya uwanja wa ndege wa Frankfurt, akila mkate wenye chumvi na kutazama theluji kupitia kioo. Nje hakutoka. Lakini barazani hapo hakukuwa na mwingine aliyewahi kuiona theluji ya Ulaya hata kwa kioo, basi akapishwa katikati ya benchi, akapewa kahawa ya kwanza, akawa mwalimu.

"Hii si baridi," alisema, akinyoosha kidole kwenye kipimo cha ukutani. "Hii ni AC. Huko Vienna mtu akitema mate, yanafika chini yakiwa barafu. Teremsha hiyo kitu."

Abdulbasit akateremsha. Mbuzi wakakauka wakawa magogo. Msumeno ukavunjika meno, na wateja wakawa wanarudishwa nyumbani na paja zima, wakishauriwa waliweke juani kidogo kabla ya kulitia chungu. Nyaga alirudi Arlington na mbuzi wake, lakini hakuwaacha wanafunzi. Kila alasiri alipiga simu ya video, na Shuaib alikuwa akiitundika simu kwenye kulabu, hivi kwamba uso wa mwalimu ulining'inia kati ya mbuzi wawili, ukitoa mawaidha.

Alisema lazima wajue miji. Wakaigawa. Safu ya kwanza ya mbuzi ikawa Vienna, ya pili Praha, ya mwisho kwenye maini na makongoro ikawa Budapest. Alisema huko kuna taa. Abdulbasit alinunua taa za rangi, kisha dhamira ikamsuta, akauliza ikiwa si kuiga sikukuu ya wenyewe. Baraza lilikaa, likajadili kwa heshima zote, likaamua kwamba taa ikiwa juu ya mbuzi ni taa tu. Mwalimu alisema huko kuna divai ya moto inauzwa vibandani, wajihadhari. Wakafanya mazoezi ya kujihadhari. Mmoja anakuwa muuzaji, anasukuma kikombe, na mwingine anakataa kwa upole, mkono kifuani, akirudi nyuma mpaka agonge mbuzi.

Na alisema huko hakuna kuingia hivi hivi tu, kuna uhamiaji. Ewe msomaji, hapo ndipo Shuaib alipofufuka. Alileta meza ndogo akaiweka mlangoni, akaleta muhuri wa mpira ambao hakuna aliyejua ameutunza tangu lini, akavaa miwani.

"Madhumuni ya safari?" alimwuliza kila mtu.

Afnan, mama kijana anayekaa jirani, alikuja kutaka mbavu.

"Madhumuni ya safari?"

"Mchuzi, Uncle."

"Mchuzi si madhumuni. Unakaa kwa nani huko ndani?"

"Uncle, are you serious?"

Alikuwa serious. Afnan aliruhusiwa kupita Budapest tu, tena kwa sharti la kutoka papo hapo, na muhuri akagongewa mgongoni mwa kiganja. Watu wakasikia. Jumamosi iliyofuata familia zilipanga foleni nje ya bucha, watoto wamevaa kofia za sufu, wanataka kupigwa picha Praha. Nyama hakuna aliyekuja kununua. Abdulbasit, ambaye hana biashara nyingine chini ya jua, alikuwa anazunguka huku na huko amejaa furaha, akiwaonya watoto wasiichezee Vienna.

Ngwali sasa akirudi nyumbani alikuwa mtu aliyetoka safari. Anajitupa kwenye kochi, anavua soksi tatu.

"Praha leo ilifurika," anamwambia mkewe. "Sijui watu wanatoka wapi."

Au: "Mimi nalala mapema. Huko saa zimetangulia, mwili umechanganyikiwa." Na kweli, akalala hata Isha haijaadhiniwa, Mashavu akalazimika kumwamsha aswali. Siku moja alimletea mkewe zawadi kutoka Vienna. Ulikuwa mkia wa ng'ombe, ndani ya mfuko uliofungwa utepe.

Mashavu alikuwa bado na sare yake ya kazi, viatu mkononi. Aliutazama ule mkia, akaupeleka jikoni, akanawa mikono, akarudi akasimama mbele yake. Si mwanamke wa kelele, na hapo ndipo penye hatari.

"Ngwali." Hakusema Baba Nusra. "Mimi nakwenda. Ukija, vyema. Usipokuja, nitakwenda, nitarudi, nitakupikia na kukufulia kama siku zote. Lakini sitakuomba tena kitu mpaka naingia kaburini."

Ngwali alicheka, akasema mambo gani hayo, nani kasema haendi, yeye si ndiye anayefanya mazoezi kufa na kupona? Mashavu hakucheka. Usiku ule Ngwali hakulala mapema. Alikaa kitandani anahesabu maneno aliyokuwa nayo ya kumwambia mkewe, akaona yanaweza kumfikisha mpaka chakula cha kwanza ndani ya ndege, na hapo ni kama wataleta chakula upesi.

Siku ya kuondoka ikafika. Mpango ulikuwa waondoke baada ya Adhuhuri, walale kwa Nyaga, ndege kesho yake. Mabegi yalikuwa mlangoni tangu asubuhi. Ngwali akasema anakwenda mara moja kuaga, dakika si dakika atakuwa amerudi.

Barazani walikuwa wamemwandalia dua. Shuaib alisoma, wengine wakaitikia amina, moshi unawatoka midomoni. Walipomaliza tu, uso wa Nyaga kwenye kulabu ukapiga kelele.

"Upepo! Wazee, tumesahau upepo! Huko si baridi peke yake, kuna wind. Mzee Ngwali ata-survive vipi?"

Walitazamana. Ni kweli, walikuwa wamefanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa upepo. Abdulbasit alitoka mbio akaleta feni kubwa, akaielekeza kwenye benchi, akaiwasha mpaka mwisho. Kofia zikaruka. Taa za Vienna zikayumba. Ngwali aliupokea upepo ule usoni, na ninakwambia, moyo wake ulifunguka kwa furaha aliyoionea haya yeye mwenyewe.

"Kumbe bado," alisema. "Kumbe hatuko tayari hata kidogo. Si bora tuahirishe mpaka mwakani?"

"Mwakani," alisema Abdulbasit. "Kwa usalama."

"Safe zaidi," Nyaga akaunga mkono.

Shuaib alikuwa amesharudi mezani kwake, na ile sauti yake ya kazi ikasikika mlangoni. "Madhumuni ya safari, shemeji?"

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Unakaa kwa muda gani?"

Mashavu alimpita Shuaib, meza na muhuri wake, akaingia. Koti la rangi ya zabibu alikuwa ameliacha garini, pamoja na mabegi. Alivaa dera na mtandio, na feni ikalikamata lile dera ikalipeperusha lote upande mmoja, lakini yeye hakutetemeka. Alipita Vienna yote, akainama, akachomoa waya wa feni ukutani. Kofia moja iliyokuwa bado hewani ikaanguka juu ya makongoro.

"Unaogopa nini?" alimwuliza mumewe.

"Upepo, shemeji," alisema Abdulbasit.

"Sikukuuliza wewe."

Ngwali alitazama simu iliyotundikwa, akatazama benchi, akatazama mbuzi, na kila alikotazama palikuwa na watu wanaomjua. Labda ndiyo sababu aliweza. Labda mtu huyu hakuwahi kujua kusema neno la kweli ila mbele ya baraza.

"Nakuogopa wewe," alisema. "Si kwa ubaya. Naogopa tukifika huko, mimi na wewe peke yetu, hatutakuwa na la kuzungumza. Halafu utaniona. Utaniona nilivyo, na utakuwa huna pa kwenda."

Mtambo wa baridi ulinguruma, ukanyamaza. Na hapo, badala ya kutoka nje na kuwaachia wawili hawa nafasi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili zake, wale wazee wakafanya kile walichokijua. Walilifanya jambo lile kuwa la baraza.

"Hilo si gumu," alisema Abdulbasit. "Muulize habari za kazini."

"Atajibu nzuri, halafu?" alisema Shuaib, ambaye alikuwa ameiacha mipaka ya nchi bila ulinzi na kuja kusikiliza. "Sharti swali refu. Mimi wangu humwuliza chumvi iko wapi. Hapo kuna kabati la juu, kabati la chini, kuna maelezo."

"Kila siku unamwuliza chumvi iko wapi?"

"Nikijua ilipo, nitamwuliza nini?"

"Sisi huongea juu ya majirani," Nyaga alisema kutoka kwenye kulabu. "Lakini mkiwa Vienna hamna majirani. Hiyo ni shida, kusema ukweli."

Shuaib alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Naapa nawe ungekuwapo ungewahurumia. Watu wazima hao, kila mmoja amekaa anatafuta kichwani mwake neno lolote alilowahi kumwambia mkewe ambalo halikuwa la chumvi, na anapekua, na hapati.

Mashavu aliwatazama mmoja mmoja. Macho yalimjaa maji, na sidhani ilikuwa baridi.

"Mimi naondoka," alisema. "Gari liko nje linanguruma. Ukija, njoo peke yako. Hawa waache na mbuzi wao."

Akatoka. Ngwali alibaki amesimama. Abdulbasit alimtazama kwa macho ya kusihi, na benchi lilikuwa hapo, na kahawa bado ina moto, na pangekuwa na mengi ya kuzungumza kuhusu jambo hili, wiki nzima, mwezi. Alivua blanketi begani, akaliweka juu ya benchi, akaufuata mlango.

"Ngwali!" Shuaib aliita. "Unatoka bila muhuri?"

Aliendelea kwenda.

Mashavu alikuwa kwenye usukani na hakuonesha dalili ya kuhama. Ngwali, ambaye maisha yake yote ya Marekani amekuwa yeye mwenye usukani, aliketi kiti cha abiria na asijue mikono aiweke wapi. Simu yake ilianza kuita kabla hawajatoka Stafford. Baraza. Ikaita tena. Mwishowe aliisokomeza ndani ya glavu mpya ya sufu, akaitupa kiti cha nyuma, na huko ikaendelea kutetemeka yenyewe.

Wakaiacha Houston. Wakapita Conroe hawajasema kitu. Wakapita Huntsville. Ngwali alisoma kila bango la barabarani, la mafuta, la mawakili, la kuku wa kukaanga, akitafuta lolote la kuokota na kumpa. Kila alilookota aliliona halina thamani. Mashavu alitazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, na shavu lake upande ule lilikuwa limekakamaa. Ngwali alijua kwamba wakifika Dallas hivi, hata wakipanda ndege, mambo yamekwisha.

"Mashavu."

"Eeh."

"Kila jioni nikirudi nyumbani siingii ndani mara moja."

Alingoja. Mashavu alipunguza mwendo kidogo.

"Hukaa garini, taa nimezima. Natafuta la kukwambia. Pengine nalipata, wallahi, kitu kizuri, mgonjwa kasema jambo, au nimeona kitu njiani. Lakini nikifika mlangoni nakiona kidogo. Basi naingia nakuuliza kuna chakula gani."

Mashavu aliwasha taa ya kupinda, akalipita lori refu, akarudi upande wake. Ilikuwa kazi ndefu na aliifanya bila haraka.

"Najua," alisema. "Nakuona. Nasimama nyuma ya pazia la jikoni nakutazama umekaa humo gizani. Nami natafuta. Kila siku natafuta. Ukiingia ukauliza kuna chakula gani, namshukuru Mungu, kwa sababu hilo angalau jibu lake ninalo."

Ngwali alilia. Hakujificha, hapakuwa na pa kujificha. Alilia mtu mzima yule, mkanda umembana kifuani, malori yanapita, na Mashavu akachomoa karatasi ya kujifutia akampa bila kuondoa macho barabarani, kama anavyowapa wazee wake kazini. Kisha akachomoa nyingine akajifuta yeye.

"Kwa nini Vienna?" Ngwali aliuliza alipopata sauti. Na papo hapo alishtuka, kwa sababu mwezi mzima watu wazima walikuwa wameichambua Vienna mtaa kwa mtaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza swali hilo mwenye safari.

"Niliiona kwenye televisheni ya mgonjwa," alisema Mashavu. "Mwaka juzi, siku yenyewe ya Krismasi, nawagawia dawa. Walionesha uwanja, una taa, una vibanda. Na watu wamesimama. Basi. Wamesimama na vikombe mkononi, mtu na mwenziwe, moshi unawatoka. Hakuna anayepika. Hakuna anayeosha. Hakuna anayengojea mgeni. Nikamwambia Nusra, mimi nataka kusimama na mtu hivyo, mara moja tu."

"Na mtu gani?"

Mashavu alimgeukia, mara ya kwanza tangu Stafford, akamtazama vile unavyomtazama mtu aliyekuuliza chumvi iko wapi naye ameishika.

"Ngwali, mimi najuana na wangapi?"

Akacheka, na Ngwali akacheka, kisha akamwuliza huyo mgonjwa mwenye televisheni alikuwa nani. Mashavu akamweleza. Huyo akamkumbusha mwingine, mzee wa chumba cha mwisho koridoni, anayemkataa kila muuguzi isipokuwa yeye. Ngwali akasema naye ana mgonjwa wa aina hiyo, anayeketi nyuma ya gari na kumwelekeza njia kila wiki, na kila wiki anakosea. Mashavu akasema, haiwezekani, huyo si ndiye kaka yake yule mzee wa chumba cha mwisho? Wakayafananisha majina. Ndiye. Jua likazama upande wa kushoto, wakasimama kuswali na kutia mafuta, wakaendelea, na maneno bado yanakuja, mengine madogo kabisa, na hakuna aliyeyapima.

Glavu kwenye kiti cha nyuma ikaita, ikaita, mpaka Ngwali akajinyoosha akaivuta.

"Mzee Ngwali, mko wapi?" alisema Nyaga. "Nyama iko tayari, watu wameanza kula. Mngekuwa mmefika saa hizi."

Ngwali alichungulia nje. Bango la kijani likapita juu yao, kisha jingine. Arlington ilikuwa imebaki nyuma kitambo. Mbele yao yalikuwa majengo marefu ya Fort Worth, yamepambwa taa kutoka juu mpaka chini.

"Bado tunazungumza," alimwambia Nyaga, akamkatia simu. Kisha akamgeukia mkewe. "Eeh, na yule mzee wa chumba cha mwisho. Ulipomwambia unasafiri, alisemaje?"

Mashavu akaanza kumweleza, na njia ya kugeuzia ikawapita tena.